Ndoa Juni, mtoto Desemba

Mwezi uliopita kaja kijana mmoja wa chuo hapa dukani kwangu Nyegezi, Mwanza, nina stesheneri ndogo ya kuchapa na kutoa kopi, kaja na karatasi zimeandikwa kwa mkono mbele na nyuma kurasa 22, mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu, anataka zichapwe ziwe tayari kesho saa mbili asubuhi maana mwalimu anakusanya. Nikamwambia ya usiku ina bei yake. Akakubali. Basi nikashusha shata nikabaki ndani nachapa, feni inalia, vile vijidudu vya ziwani vinagonga taa na kudondokea kwenye kibodi, na kazi yenyewe ilikuwa inahusu maisha ya kina mama wa Wapuritani, wale Waingereza walioenda kukaa Marekani miaka ya 1600 huko. Mi huwa nachapa bila kusoma. Vidole vinaenda vyenyewe akili iko kwenye mboga ya jioni, nimeshachapa mambo ya udongo, mambo ya kodi, mambo ya uongozi wa shule, usiniulize hata sentensi moja. Hii nilifika ukurasa wa tisa nikaacha kuchapa.

Ukurasa wa tisa ulikuwa unasema kwamba kwenye baadhi ya makanisa yao, mtoto akizaliwa kabla haijatimia miezi saba tangu ndoa, mume na mke wanasimama mbele ya kusanyiko wanakiri kwamba walitangulia, na wasipokiri mtoto habatizwi. Yaani kuna watu walikuwa wanakaa wanapiga hesabu. Harusi lini, mtoto lini, toa.

Mi nimefunga ndoa Juni na mwanangu wa kwanza kazaliwa Desemba mwanzoni. Hesabu fanya mwenyewe.

Ni miaka 11 sasa na huwa sisemi, lakini leo naandika. Gauni la harusi fundi wa Kirumba aliniachia nafasi kiunoni bila kuniuliza kitu, fundi wa kweli yule Mungu ambariki. Harusi ikapita, watu wakala, wakacheza, mume wangu akarudi zake Geita machimboni. Desemba nikajifungua. Siku ya nne kaja mama mmoja wa kanisani kwetu, mtu mkubwa kwenye umoja wa kina mama, kaja na kipande cha sabuni na kanga, vizuri tu, kambeba mtoto, kamwangalia kucha, kamwangalia nywele, kamgeuza akamwangalia mgongoni kama mtu anayechagua sato pale mwaloni, halafu akasema "jamani huyu mbona kakomaa, huyu si njiti huyu". Na mi niko kitandani naona vidole vyake chini ya mtoto vinagusana kimoja kimoja. Juni. Julai. Agosti. Akafika Desemba akanirudishia mtoto.

Barua ya kanisa ilikuja kabla hata sijatoka arobaini. Nikasimama mbele peke yangu, mtoto namshikilia, mzee anasoma kosa, nikatengwa miezi sita. Kutengwa kwa wasiojua ni kwamba hushiriki Meza ya Bwana, kwaya huimbi, na unakaa benchi la mwisho kabisa nyuma, lile karibu na mlango unaopigwa upepo na watoto wanaoenda chooni. Hakuna aliyesema marufuku mtu kukaa na mimi, ila hakuna aliyekaa. Mume wangu alikuja Pasaka, wazee wakamwita pembeni wakaongea naye kiume, ikaishia hapo.

Ndo maana nikaacha kuchapa. Kwa sababu ile karatasi ilisema mume NA mke. Wale watu wenye kofia nyeusi ambao kila mtu anawacheka kwa ukali wao, mwanaume alikuwa anasimama! Wote wawili mbele ya watu! Na kama kesi imepelekwa mahakamani basi wote faini au wote viboko. Kwenye hilo Wapuritani walituzidi, na mi nasema hivyo kwa uchungu maana sikutegemea kumsifia mtu aliyeishi miaka karibu 400 iliyopita kwa kuwa alimchapa mwanaume pia.

Nilimaliza kuchapa saa nane usiku. Asubuhi kijana kaja nikamuuliza, hivi hii umeandika mwenyewe? Akacheka akasema dada nimeungaunga tu hapa na pale. Akalipa akaondoka, na mi nikabaki na hao wanawake kichwani. Toka siku hiyo watoto wakilala nafungulia bando la usiku nasoma, Kiingereza changu cha form four kinachechemea ila kinafika.

Kwa kifupi tu, Wapuritani walikuwa wanasema kanisa la Uingereza bado lina uchafu wa zamani, lisafishwe, halisafishwi vya kutosha, tunaondoka. Meli ya Mayflower ilifika mwaka 1620 na abiria 102, kati yao wale wa dini walikuwa wameshajitenga kabisa na lile kanisa, na 1630 ndo likaja kundi kubwa la gavana John Winthrop likaanzisha Boston kwenye koloni lao la Massachusetts. Kwenye Mayflower kulikuwa na wanawake watu wazima 18. Mavuno ya kwanza yanaingia mwaka 1621 walikuwa hai wanne. Wanne ndo wapike, wafue, walee na yatima wa wenzao. Mmoja wao anaitwa Susanna White, huyu kajifungua meli imetia nanga hata nyumba ya kukaa hakuna, Februari mume kafa, Mei kaolewa tena na Edward Winslow ambaye mkewe kafariki Machi. Ukisoma haraka unasema huyu mama naye ana papara, halafu unakumbuka ana kichanga cha miezi sita na mwingine wa miaka kama mitano, baridi imeua nusu ya watu, sasa ulitaka akae anatazama bahari mpaka lini.

Majina yao yamenichekesha sana. Sisi tuna Neema, Subira, Rehema, Shukuru, na wao walikuwa hivyo hivyo, msichana anaitwa Subira, anaitwa Tumaini, anaitwa Kimya. Yule mzee wao mkubwa kwenye Mayflower, William Brewster na mkewe Mary, watoto wao ni Jonathan, halafu Subira, halafu Hofu, halafu Upendo, halafu wa mwisho Mieleka. Wakristo jamani, mtoto kuitwa Mieleka. Ila nani anacheka, mi kwetu Magu nina binamu anaitwa Masumbuko na mwingine Shida, na wote wana maisha mazuri tu.

Kazi za mama wa kule ukiziorodhesha unachoka kabla yeye hajachoka. Anatengeneza bia maana watu walikuwa wanakunywa bia nyepesi mpaka watoto, anasukuma maziwa apate siagi na jibini, anasokota nyuzi, anamimina mishumaa kwa mafuta ya mnyama, sabuni anaipika mwenyewe kwa maji ya majivu na mafuta. Na Jumapili yao ilikuwa inaanzia Jumamosi jua likizama, kwa hiyo chakula kipikwe kabla, kama jirani zangu Wasabato ambao Ijumaa saa kumi ukipita kwao ni vyungu tu na watoto wanaogeshwa kwa kupokezana. Kesho yake ibada asubuhi na ibada tena mchana, masaa na masaa, kwenye jengo lisilo na moto wowote. Kuna jaji wa Boston, Samuel Sewall, kaandika kwenye shajara yake kwamba siku moja Januari 1686 mkate wa Meza ya Bwana uliganda kwa baridi, ulivyokuwa unamegwa kwenye sahani unagonga kama vijiwe. Na kwenye jengo hilo hilo ndo kichanga cha siku chache kinapelekwa kubatizwa, tena kinapelekwa na baba maana mama bado yuko kitandani. Mi wa kwangu akipiga chafya moja upepo wa ziwani unalaumiwa wiki nzima.

Krismasi hamna. Mwaka 1659 Massachusetts waliweka sheria ukikutwa unasherehekea Krismasi faini shilingi tano, walikuja kuifuta 1681. Kwa hiyo ile vita ya Desemba ya nguo za watoto huyo mama aliiponea.

Kitu kingine, kusoma. Walitaka kila mtoto ajue kusoma ili asome Biblia, mwaka 1642 ikawa sheria kabisa, na mara nyingi mama ndo mwalimu wa kwanza, jikoni hapo hapo. Lakini kusoma kulikuwa kitu kimoja na kuandika kitu kingine, kuandika kulifundishwa baadaye na zaidi kwa wavulana, kwa hiyo unakuta mama anasoma Zaburi zote ila kwenye hati anachora alama tu. Mama yangu mzazi yuko hivyo. Anasoma Agano Jipya la Kisukuma kwa miwani ya kuazima, benki anaweka dole gumba. Nilikuwa sijawahi kuona kwamba ni kitu cha kushangaza mpaka nilipokisoma kwa watu wengine.

Sasa twende kwenye uzazi ndo kwenye moyo wangu. Uchungu ukianza mume anatumwa kumwita mkunga na majirani, akishawaita kazi yake imeisha, anakaa nje huko. Ndani wanajaa wanawake, mama mzazi kama yupo, mashemeji, majirani, kila mtu na aproni yake. Mwenye kujifungua alikuwa ameshaandaa keki na bia kwa ajili yao, na zilikuwa na jina lake kabisa, ni kama kusema keki ya kuguna na bia ya kuguna, kuguna kwa uchungu yaani. Wanakula, wanasimulia, wanamshika mgongo, wanaomba. Baadaye mama anakaa ndani wiki tatu mpaka nne kama uwezo upo, wenzake wanafua na kupika.

Nikasema hii si arobaini hii! Mama yangu alikuja na Coaster ya Magu, kashuka Buzuruga na ndoo ya michembe, kuku wawili wamefungwa miguu, na furushi la kanga kuukuu za kunikanda. "Mwangaluka mayu," ndo salamu ya Kisukuma aliyoingia nayo, hata mzigo hajatua. Kesho yake chumba kimejaa. Majirani wanakuja na uji wa ulezi, supu ya sato, maji ya moto kiasi kwamba unataka kukimbia, na humo ndani yanasemwa mambo ambayo hujawahi kuyasikia kwenye semina yoyote ya kanisa. Nani alichanwa, nani alishonwa vibaya, nani mume kamrudia siku ya 12, nani kapoteza wangapi kabla ya huyu anayempeleka shule. Barua ya kanisa ilinikuta humo. Mama alikuwa ananikanda mgongo, nikamsomea nalia, akaendelea kukanda tu, akachovya kanga, akakamua, akasema "we nani kakwambia mimi na baba yako tulifunga harusi kabla yako?" Chumba kizima kikacheka mpaka mtoto akaamka.

Ila chumba hicho cha kule kilikuwa na upande wake mbaya. Kama msichana hana mume, mkunga alitakiwa ambane pale pale uchungu umekolea, baba wa mtoto ni nani, sema, na jina atakalotaja ndo linapelekwa mahakamani ili huyo mwanaume alipie matunzo. Waliamini mtu aliye karibu na kufa hawezi kudanganya. Nusu yangu inasema ni ukatili wa hali ya juu, nusu yangu inasema angalau mtoto alitunzwa. Mi mwenyewe kliniki siku ya kwanza kabisa niliambiwa nirudi na mwenza, mwenza yuko shimoni Geita mita sijui ngapi chini ya ardhi, nikaambiwa basi leta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaniangalia tumbo akaandika taratiiibu.

Na inasimuliwa kwamba kuna waliokuwa wanaamini mtoto anazaliwa siku ile ile ya wiki aliyotungwa mimba, kwa hiyo akizaliwa Jumapili basi wazazi walivunja Sabato, na mhubiri mmoja alikuwa hawabatizi watoto hao, mpaka mkewe mwenyewe alipojifungua Jumapili. Mapacha. Sijui kama ilikuwa hivyo kweli au watu walimtungia, ila aliyetunga alikuwa mwanamke nakuapia.

Sasa Anne Hutchinson. Huyu alifika Boston 1634 na mumewe na lundo la watoto, maishani mwake kazaa 15, na alikuwa na ujuzi wa kuzalisha, kwa hiyo kila penye uchungu anaitwa. Na humo chumbani, kati ya keki na maji ya moto, wanawake wakawa wanamwambia hofu zao, kwamba mi sijui kama nimeokoka, nimejipima matendo yangu naona hayatoshi. Akawa anawajibu. Akaanza kuwaita nyumbani kwake kila wiki kuzungumza mahubiri ya Jumapili, wakaanza wanawake wachache, ikafika watu 60 na zaidi, wanaume wakawa wanaingia. Alichokuwa anasema kwa lugha yangu mimi ni kwamba wahubiri hawa wanawahesabia matendo kama ndo cheti cha wokovu, na neema haihesabiwi hivyo. Nyumba yake ilikuwa inatazamana na ya gavana Winthrop, barabara tu katikati. Fikiria uko dirishani kwako jioni unaona watu wanamiminika kwa jirani, na wewe ndo gavana.

Novemba 1637 wakamshitaki. Ana miaka 46. Walimsimamisha mbele ya mahakama mpaka alipoonekana anataka kuanguka ndo wakampa kiti. Kajibu hoja moja moja kwa Biblia mpaka wasomi wa chuo cha Cambridge wanatazamana. Wakaamua afukuzwe koloni, wakamweka kizuizini baridi yote kwenye nyumba ya watu mbali na watoto wake, na Machi 1638 kanisa la Boston nalo likamtenga. Kutenga, neno lile lile. Mhubiri John Wilson anatamka maneno, na Anne anageuka kutoka nje, na hapo kwenye viti akasimama mwanamke mmoja, bado kijana, Mary Dyer, akamfuata akatoka naye bega kwa bega. Watu wote wamekaa. Yeye peke yake.

Hapa lazima nieleze halafu niwahi maana inanichoma. Mary Dyer alikuwa amejifungua Oktoba kabla ya hapo, mtoto wa kike, kazaliwa mfu kabla ya wakati na ana ulemavu mkubwa wa kichwa na mgongo. Anne na mkunga mwingine, Jane Hawkins, ndo walikuwa naye. Wakamwuliza mhubiri John Cotton wafanye nini, akashauri mzikeni kimya, na wakamzika kimya, mama akabaki na siri yake. Siku ile alipotoka na Anne mtu akauliza huyo ni nani, mwingine akajibu ndo yule aliyezaa kioja. Likamfikia Winthrop. Gavana mzima, mtu wa maombi, akaamuru kaburi lifukuliwe. Mtoto kakaa ardhini zaidi ya miezi mitano. Wakafukua, na watu zaidi ya 100 wakaenda kuangalia, na Winthrop akaandika kiungo kwa kiungo alichoona ikasomwa mpaka Uingereza. Jane Hawkins akapigwa marufuku kutibu mtu na akaambiwa aondoke.

Nilimpigia simu dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni nesi wa wodi ya wazazi miaka mingi. Nikamsomea. Akanyamaza. Akasema wa hivyo nimewapokea, wanatokea, si dhambi ya mtu, siku hizi mnapewa vidonge vya foliki mapema mnaviweka kabatini. Halafu nikamsomea la pili, maana Anne alikuwa na mimba wakati kanisa linamtenga, na alipofika kisiwani huko Rhode Island alikohamia baada ya kufukuzwa, ikatoka. Haikuwa mtoto, yalikuwa mafungu mafungu kama vipovu vimeshikana. Hata sijamaliza dada akasema "mimba zabibu hiyo." Anasema kama mtu anayetaja aina ya dagaa. Ana miaka 46 eeh? Ndo umri wake huo, tunawasafisha, tunafuatilia vipimo, wanarudi nyumbani.

Lakini Boston waliposikia, unajua walifanya nini? Walihesabu. Mhubiri Thomas Weld akaandika kwamba katoa vioja kama 30, kwa kuwa makosa yake ya mafundisho nayo yalikuwa kama 30, kila uongo na kioja chake. Mwanamke anavuja damu kisiwani huko na watu wako Boston wanalinganisha idadi. Nikamwona tena yule mama na vidole vyake chini ya mwanangu. Juni, Julai, Agosti.

Anne aliuawa 1643 pamoja na watoto wake kadhaa, wenyeji Wahindi wekundu wa kabila la Siwanoy walivamia alikokuwa amehamia, karibu na ilipo New York sasa, walikuwa kwenye vita na Waholanzi. Boston wakasema Mungu kajibu. Mary Dyer yeye akaja kuwa Quaker, dhehebu ambalo Boston hawakulitaka, akafukuzwa akarudi, akafukuzwa akarudi, wakamnyonga Boston tarehe 1 Juni 1660, akiacha watoto sita.

Ya Salem, mji wao mwingine, ya 1692 siyagusi sana maana hiyo ndo kila mtu anaijua, watu 19 wamenyongwa kwa uchawi. Nasema moja tu, mama mmoja anaitwa Sarah Good alifungwa akiwa na kichanga, kichanga kikafia gerezani, na binti yake wa miaka kama minne naye akafungwa kwa uchawi huo huo, miezi. Mkitaka kuwacheka kwanza mkumbuke vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu wamepikia moshi wa mavi ya ng'ombe miaka 50 wakiwalisha hao hao waliokuja na panga.

Jumapili iliyopita kanisani kwetu kuna binti kasomewa kosa. Kasimama peke yake mbele, mtoto wa miezi miwili hivi kwenye kanga ya njano, huyo mwanaume mwenyewe hata sijui kama yupo mjini. Mi siku hizi nimerudishwa zamani, nakaa mbele benchi la tatu na kina mama wenzangu, sare yetu ya bluu, na yule mama wa vidole amekaa pembeni yangu kabisa, tunasalimiana vizuri, kazeeka, mwezi wa pili nilimchapia barua ya mwanae bure. Binti kamaliza kusomewa kaenda nyuma. Kwaya ikasimama kuimba.

Nilikaa. Niseme ukweli, wimbo wa kwanza wote nilikaa, nikijiambia ni mambo ya kusoma usiku haya. Wimbo wa pili nikachukua pochi yangu nikasimama, magoti ya watu yananipisha kwenye benchi, mama wa vidole akanong'ona "unaumwa?" nikamwambia hapana mama, nakuja. Lile benchi bado ni lile lile, mbao ya katikati imeachia msumari, ukikaa vibaya inakuchana sketi. Binti kaniangalia mimi, kaniangalia sare, kasema dada huku siko, umekosea.

Nikamwambia sijakosea, na usikalie hapo kuna msumari, sogea huku. Akasogea. Mtoto akaanza kulia, akamtafutia ziwa, nikamshikia kanga.